Sinki la Choo Linalokubali Ndoo

Anayetaka kubadilisha sinki la choo nyumbani kwake kwa kawaida huanzia dukani. Anashuka Kariakoo, Dar es Salaam, upande wa Gerezani, anapita mbele ya masinki meupe yaliyopangwa hadi barazani, anachagua moja lililompendeza kwa umbo na bei, analipakia kwenye bajaji, kisha anampigia fundi. Fundi anakuja na nyundo na tindo, anaking'oa choo cha zamani, na hapo ndipo inapobainika kwamba tundu la kutolea uchafu la sinki jipya linatazama ukutani, ilhali bomba la nyumba limechomoza sakafuni. Duka halipokei tena bidhaa. Fundi anaungaunga kwa kona mbili tatu za plastiki, sinki linakaa, na haupiti muda linaanza kuziba.

Mpangilio huo umeanzia mwisho. Choo cha kutegemewa huchaguliwa kwa kuitazama nyumba kwanza: bomba lililopo, maji yanayopatikana siku za mgawo, na vipuri vinavyouzwa mtaani kwako. Mambo hayo matatu yakishajulikana, dukani unaingia ukijua unachokitafuta, na masinki mengi kati ya yale unayoonyeshwa utayapita bila hata kuuliza bei.

Lakini kabla ya yote, hakikisha kwamba sinki lenyewe ndilo lililochoka. Mengi hutupwa yangali mazima, na kilichoharibika ni mpira mdogo ndani ya tangi la flashi. Kupima ni rahisi. Mimina chai ya rangi iliyokolea, au rangi ya chakula, ndani ya tangi, kisha choo kisitumike kwa nusu saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, maji yanapenya chini ya mpira, na dawa yake ni mpira mpya. Flashi ikiwa dhaifu, funua tangi utazame maji yamefika wapi. Mara nyingi kuna mtu aliyelishusha boya ili kubana matumizi, au matundu madogo chini ya ukingo wa bakuli yamezibwa na chokaa ya maji ya kisima. Waya mwembamba na siki vinaweza kuyarudishia nguvu.

Harufu nayo ina chanzo chake. Shingo ya sinki imepindwa ili maji kiasi yabaki humo siku zote, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimoni isipande. Mtengeneza saa Mskoti aliyefanya kazi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya bomba la namna hiyo mwaka 1775, na hadi leo hakuna aliyebuni njia rahisi kuishinda. Ukisikia choo kikibwabwaja wakati maji ya bafuni yanaposhuka, kisha ukaona maji ya kwenye bakuli yamepungua, nyumba yako haina bomba la hewa au limeziba. Maji yakipita kwa kasi kwenye bomba lisilo na hewa, huyavuta na yale ya shingoni. Hata ukinunua sinki la bei kubwa kuliko yote mjini, tatizo hilo litabaki palepale. Vivyo hivyo kwa chemba iliyojaa mizizi au shimo lililofurika.

Kinacholazimisha kubadilisha ni ufa. Kauri iliyopasuka chini ya mstari wa maji haitengenezeki kwa gundi, na haina huruma: siku inapoachia, vipande vyake hukata vibaya sana. Mtu mzima aliyekalia sinki lenye ufa yuko hatarini, na hilo si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Sababu ya pili ni utando wa kioo ulioliwa na tindikali. Wengi wetu tumesugua vyoo kwa asidi kali mpaka sehemu ya ndani imekuwa na vinyweleo, na tangu hapo uchafu unanasa kila siku. Sababu ya tatu ni sinki ambalo tangu mwanzo halikuifaa nyumba, na hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Ukishaamua, chukua futi. Tazama kwanza choo cha sasa kinatolea wapi: chini sakafuni au nyuma ukutani. Kama ni sakafuni, pima kutoka uso wa ukuta, juu ya vigae na si chini yake, hadi katikati ya bomba. Sinki likiwa bado limesimama, katikati hiyo unaweza kuikadiria kwa bolti za pembeni ya kitako, ingawa kwa aina nyingine bolti hazipo usawa wa tundu, hivyo kipimo cha uhakika hupatikana kwa kuchungulia nyuma au baada ya kung'oa. Masinki ya mtindo wa Marekani hutaka milimita 305, yaani inchi 12. Yanayotoka Asia huja kwa vipimo mbalimbali, na 250, 300 na 400 ni vya kawaida. Kama bomba linatokea ukutani, pima kimo chake kutoka sakafu iliyokamilika. Masinki mengi ya mtindo wa Ulaya hutolea kwenye milimita 180 hivi. Tofauti ndogo inaweza kufidiwa na mpira wa kuunganishia uliopindwa kidogo. Tofauti kubwa isifidiwe kwa kona juu ya kona, maana kila kona huipunguzia flashi nguvu na kuwa mahali pa uchafu kusimama.

Pima pia alama ya kitako sakafuni. Sinki jipya likiwa na kitako kidogo kuliko la zamani, litaacha wazi sehemu isiyo na vigae, na vigae vya rangi ile pengine havipo tena sokoni. Vipimo vyote viandike, piga picha, uende navyo.

Sasa tuje kwenye bakuli lenyewe, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosa maelezo. Masinki ya kukaa yana namna mbili za kuondoa uchafu: kuna yanayosukuma na kuna yanayofyonza. Sinki la kusukuma lina shingo fupi na pana. Maji yanashuka kwa ghafla kutoka kwenye tangi, yanapiga uchafu na kuuvusha upande wa pili kwa nguvu ya kuanguka tu. Sinki la kufyonza lina shingo ndefu, nyembamba, iliyojikunja mara mbili. Maji yakiijaza shingo yote kwa pamoja, yanaanza kuvuta, na bakuli zima linafyonzwa hadi hewa inapoingia na kukata mvuto. Ndiyo maana la kufyonza huwa kimya zaidi, lina ziwa kubwa la maji bakulini, na halichafuki upesi. Uzuri huo ni wa kweli, siupingi.

Gharama yake iko kwenye upana wa njia. Shingo ya sinki la kufyonza mara nyingi ina upenyo wa milimita 50 hivi, wakati ya kusukuma hufika 80 na zaidi. Zaidi ya hapo, mvuto haupatikani mpaka shingo ijae kwa mkupuo, na mkupuo huo unategemea tangi lililojaa vizuri. Sasa fikiria siku maji yamekatika. Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto Ruvu, na kiangazi kikikaza au mitambo ikizimwa, mgawo unaingia. Siku hizo choo kinaendeshwa kwa ndoo. Ukimwaga nusu ndoo kwenye sinki la kusukuma, kwa kasi na kutoka kimo cha kiuno, kazi imekwisha. Ukimwaga kiasi hichohicho kwenye la kufyonza, mara nyingi maji yanapanda, yanashuka polepole, na kinachopaswa kuondoka kinabaki. Unarudia, na maji yale ni ya kununua kwa dumu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nyumba ambayo maji hukatika, hata kwa siku chache tu kwa mwaka, inunue sinki la kusukuma. Litahitaji brashi mara nyingi zaidi, na nakubali hilo ni usumbufu kwa mwenye kusafisha. Lakini familia yenye watoto, wageni na mgonjwa haiwezi kuwa na choo kinachogoma siku ambayo maji ni haba. Dukani utalitambua kwa kuchungulia: kuta zake za ndani ni za mwinuko, tundu la chini ni pana, na ubavuni huoni lile bomba la kauri lililojikunja kama nyoka. Muuzaji akikuambia yote ni sawa, tafuta tundu kwa macho yako.

Watu pia hudhani maji mengi ndiyo flashi nzuri. Marekani walijifunza kwa taabu kwamba sivyo. Sheria yao ya nishati ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha lita 6 kwa flashi kuanzia 1994, wakati masinki ya kabla ya hapo yalitumia lita 13 na zaidi. Watengenezaji wengi walipunguza maji wakaliacha bakuli lilelile, na malalamiko ya kuziba yakaenea nchi nzima. Mwaka 2003 wataalamu wa Kanada na Marekani walianzisha upimaji uitwao MaP: wanatumia uji mzito wa soya uliofinyangwa kwa umbo la kinyesi, wanaongeza gramu kidogo kidogo, mpaka sinki lishindwe. Kumbe kwa lita zilezile 6, masinki yalitofautiana sana. Mengine yalishindwa kabla ya gramu 250, na leo yapo yanayoondoa gramu 1,000 kwa maji hayo au pungufu. Tofauti iko kwenye umbo la bakuli, ulaini wa shingo, na jinsi maji yanavyoachiliwa kutoka tangini.

Kwetu ni nadra kukuta sinki lenye alama za upimaji huo kwenye boksi. Unachoweza kufanya ni kupitisha vidole ndani ya shingo, kadiri mkono unavyofika, uhisi kama imepakwa utando wa kioo hadi ndani. Masinki ya bei ya chini mara nyingi hupakwa pale macho yanapofika tu. Kauri mbichi ya shingoni hukwaruza ngozi, na inayokwaruza ngozi hushika pia karatasi na kinyesi. Kipimo hiki nakithamini kuliko chapa yoyote iliyobandikwa kwenye tangi.

Kuhusu kiasi cha maji: tangi lenye vibonye viwili, kimoja cha maji kidogo na kingine cha maji yote, lilitolewa Australia na kampuni ya Caroma mwaka 1980, kazi ya Bruce Thompson, na sasa ndilo la kawaida katika nchi nyingi. La lita 3 na 6 linatosha. Masinki yanayojivunia lita 4 au 4.5 yanafaa pale ambapo bomba la nje ni fupi na limelazwa vizuri. Bomba la inchi nne linatakiwa kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita, na mitaa mingi shimo liko mbali, nyuma ya nyumba, na fundi aliyelilaza bomba hakutumia pimamaji. Maji kidogo yatautoa uchafu bakulini, kisha yataukimbia na kuuacha njiani. Mwenye nyumba atasema sinki jipya ni baya, kumbe linafanya kazi yake vizuri na mzigo umelala kati ya choo na chemba.

Ndani ya tangi kuna vitu viwili tu vyenye kazi: kinachoingiza maji na kinachoyaachilia. Kauri huweza kudumu miaka mingi sana, ila hivi viwili huchoka, na hapa ndipo uaminifu wa choo unapoamuliwa. Waingereza kwa miongo mingi walilazimishwa na kanuni zao kutumia sifoni, kifaa ambacho maji lazima yavuke nundu ili yashuke, kwa hiyo hakiwezi kuvuja kimyakimya. Kanuni mpya za maji za 1999 ziliruhusu vali ya mpira inayokaa chini ya tangi. Ni rahisi kubonyeza na inaachilia maji upesi, lakini chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya mpira, maji hayakomi kuteremka. Wahimizaji wa matumizi bora ya maji nchini Uingereza wanakadiria kwamba choo kinachovuja hupoteza kati ya lita 200 na 400 kwa siku. Kwa mwenye simtanki la lita 1,000, hiyo ina maana tangi zima linakauka ndani ya siku tano au hata mbili na nusu, bila mtu kuoga wala kupika.

Sifoni kwetu haipatikani kirahisi, hivyo karibu kila sinki utakalonunua litakuwa na vali ya mpira. Basi uliza swali ambalo wauzaji hawalizoei: mpira wa hili unauzwa peke yake, na upo dukani leo? Uonyeshwe. Masinki ya kipande kimoja, ambayo tangi na bakuli vimeungana, yanapendeza na hayana kiungo cha kuvuja katikati, lakini mengi huja na vifaa vya ndani vya umbo lake pekee. Kikifa kimoja, unabaki na kauri nzuri isiyotumika. Sinki la vipande viwili lenye vifaa vya kawaida, hata la bei ya kati, litatengenezeka na fundi yeyote wa Mbagala au Tegeta. Na matangi yanayofichwa ndani ya ukuta ningeyaacha kwa nyumba zenye maji safi ya uhakika, maana tope la msimu wa mvua na chumvi ya visima havitaheshimu ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Kinachoingiza maji nacho kina siri yake. Nyumba nyingi hupata maji kutoka simtanki lililo juu ya mnara mfupi. Kila mita moja ya kimo huleta msukumo wa takriban baa 0.1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya choo linatoa baa 0.3 tu. Vali nyingi za kuingiza maji hutengenezwa kwa ajili ya bomba la mtaa lenye msukumo mkubwa, na zina tundu dogo sana. Ukifunga vali ya namna hiyo kwenye maji ya mnara, tangi la choo linachukua dakika nyingi kujaa, na mtu wa pili asubuhi anakuta halijajaa. Mwambie muuzaji maji yako yanatoka wapi, akupe ya msukumo mdogo. Chujio dogo kwenye njia ya kuingilia lisikose, na liwe linaloweza kufunguliwa na kusafishwa.

Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, tazama bolti. Zinazofunga tangi kwenye bakuli na zinazofunga kitako sakafuni ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichopata kutu. Zile za chuma kilichopakwa rangi ya fedha huliwa na chumvi, na tangi linaanza kuchuruzika mgongoni ambako hakuna anayetazama.

Kauri yenyewe haina maneno mengi. Ichunguze juani kama ina nyufa nyembamba za utando, igonge kwa ukucha au sarafu usikilize: nzima hutoa mlio mkali, yenye ufa hutoa mlio uliozibwa. Sinki liweke juu ya sakafu tambarare. Likicheza, liache.

Halafu kuna watu watakaolitumia, na hawa nawaweka mbele ya mapambo yote. Bakuli la kawaida lina kimo cha sentimita 40 hivi. Kwa bibi mwenye magoti yanayouma, la 43 hadi 48 linamwezesha kuinuka bila kuvutwa mkono, na hiyo ni heshima anayostahili chumbani kwake. Wale waliozoea kuchuchumaa wasilazimishwe kukaa. Masinki ya kuchuchumaa bado yanatengenezwa, ni imara na hayana mengi ya kuharibika. Kilicho hatari ni kununua la kukaa kisha watu wakapanda juu yake kwa miguu. Waislamu wengi pia watataka kujua mwelekeo. Kwa Dar es Salaam na Zanzibar, kibla ni karibu kaskazini kamili, na bomba likiwa la sakafuni, wakati wa kubadilisha sinki ndio wa kuligeuza kama nafasi inaruhusu. Likiwa la ukutani haligeuki bila kuvunja. Na koki ya mpira wa kujitawazia iwekwe wakati huohuo, yenye kufungwa ukutani, kwa sababu mpira ulioachwa na msukumo usiku kucha hupasuka.

Kufunga kuna kosa moja linalojirudia: kulizika sinki ndani ya zege. Saruji ngumu inashika kauri, sakafu ikisogea kidogo kauri inapasuka, na siku ya kulitoa ni lazima livunjwe. Sinki lifungwe kwa bolti zilizokazwa kwa kiasi, likaguliwe kwa pimamaji, kisha lizungushiwe silikoni. Upande wa nyuma uachiwe nafasi ndogo bila silikoni. Kiungo cha chini kikianza kuvuja, maji yatatokea hapo na utayaona mapema, badala ya kujikusanya chini ya kitako kwa miezi.

Kabla fundi hajaondoka, mwambie afunge koki ya ukutani, afungue vali ya kuachilia maji mbele yako, autoe mpira, na akuache wewe uurudishe kwa mikono yako. Kama kazi hiyo inahitaji kung'oa tangi, mpira mmoja wa akiba ununuliwe siku hiyohiyo, ufungwe kwenye mfuko pamoja na risiti, na uwekwe ndani ya nyumba. Kisha jazeni tangi, tieni rangi ya chakula, msubiri nusu saa, na malipo ya mwisho ya fundi yafanyike baada ya kuona maji ya bakuli yamebaki meupe.